Wananchi na Wenye Nchi: Upopulisti na Namna Unavyochunguzwa

Utani mmoja wa Kenya huligawa taifa mafungu mawili: wananchi na wenye nchi. Mwananchi hupanga foleni ya kitambulisho tangu alfajiri, hulipa kodi kwenye kila kiberiti anachonunua, kisha huambiwa arudi kesho. Mwenye nchi hupita na ving'ora. Ndani ya utani huo mna karibu kila kiungo ambacho wanasayansi ya siasa wanakihitaji wanapoeleza upopulisti: umma mwema unaodhulumiwa, kikundi cha wakubwa kinachokula jasho lake, na mstari mnene kati ya hao wawili. Kinachokosekana ni mtu wa kupanda jukwaani na kudai kwamba yeye, wala si mwingine, ndiye kinywa cha fungu la kwanza. Akishapatikana huyo, utani unakuwa siasa.

Kiswahili hakijatulia juu ya jina la siasa hiyo. Wapo wanaoandika populizimu, wapo wanaosema upopulisti, na wapo wanaojaribu "siasa za umaarufu". Jaribio hili la mwisho linapotosha. Umaarufu ni kupendwa, na mwanasiasa anaweza kupendwa na nchi nzima bila kuwa mpopulisti, kama anavyoweza kuwa mpopulisti na akaambulia kura za kuhesabika. Kinachoutambulisha upopulisti ni namna uwanja wa siasa unavyochorwa, wala si wingi wa wanaoshangilia mchoro huo. Kwa sababu hiyo mtafiti chipukizi anayeingia katika fani hii hukutana na tatizo la kwanza kabla hajafungua kitabu cha takwimu: neno lenyewe limekwisha kugeuzwa tusi. Magazeti hulitumia kwa kiongozi yeyote anayeahidi mambo asiyoyaweza. Kwa matumizi hayo, ni wanasiasa wachache sana watakaosalimika.

Jina lilianza likiwa la heshima. Mwezi Julai 1892, mjini Omaha katika jimbo la Nebraska, wakulima wa Marekani na washirika wao walikutana kukipa Chama cha Watu ilani na mgombea. Walikuwa watu wa ngano na pamba waliobanwa pande tatu: bei ya mazao ilikuwa ikishuka, madeni ya benki hayakushuka, na makampuni ya reli yalitoza nauli ya mizigo kadiri yalivyopenda kwa sababu mkulima hakuwa na njia nyingine ya kufika sokoni. Ilani yao ilidai reli ziwe mali ya umma, kodi ya mapato ipande kulingana na kipato, na maseneta wachaguliwe moja kwa moja na wapiga kura. Mgombea wao wa urais, James B. Weaver, alipata kura zaidi ya milioni 1, yaani karibu asilimia 8.5. Mwaka 1896 chama hicho kilimuunga mkono mgombea wa Democratic, William Jennings Bryan, aliyeshindwa, na baada ya hapo kikafifia. Hata hivyo kodi ya mapato ya serikali kuu na uchaguzi wa moja kwa moja wa maseneta viliingia katika katiba ya Marekani mwaka 1913. Anayetaka kudai kwamba upopulisti haujawahi kuijenga demokrasia ana kazi ya kuueleza mwaka huo.

Lakini historia hiyohiyo ina mtu mmoja anayestahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa ndani ya maisha yake umo mtihani mzima wa somo hili. Tom Watson alikuwa mwanasheria na mwanasiasa wa Georgia, kusini mwa Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 aliwaambia wakulima maskini, weupe kwa weusi, kwamba wanaibiwa na watu walewale, na kwamba chuki kati yao ndiyo mlango anaopitia mwizi. Katika Georgia ya wakati huo hayo yalikuwa maneno ya hatari. Miaka michache baada ya 1900, Watson huyohuyo, akiwa bado anawalaani matajiri na bado anamtetea mkulima, aliunga mkono kuwanyang'anya watu weusi kura, kisha akaigeuza kalamu yake dhidi ya Wakatoliki na Wayahudi. Jukwaa lilikuwa lilelile na hasira dhidi ya wakubwa ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni hesabu ya nani amo ndani ya "watu" na nani ametolewa nje. Mtafiti anayepima ukali wa maneno dhidi ya matajiri peke yake atamkuta Watson wa 1892 na Watson wa 1908 wakifanana kama mapacha.

Urusi ilitangulia Marekani kwa jina linalokaribiana. Wanarodniki, wengi wao wanafunzi wa mijini, waliingia vijijini kiangazi cha 1874 kwenda kumwamsha mkulima. Baadhi yao walikabidhiwa polisi na wakulima haohao. Wanahistoria huwataja kwa ajili ya jina. Kama chanzo cha siasa za majukwaa ya leo mchango wao ni mdogo.

Argentina ina uzito mkubwa zaidi. Kanali Juan Perón aliishika idara ya kazi baada ya mapinduzi ya 1943 na akaitumia kuwapa wafanyakazi likizo, mafao na vyama vyenye nguvu. Wenzake jeshini walipomkamata Oktoba 1945, wafanyakazi wa vitongoji vya Buenos Aires walimiminika hadi uwanja wa Plaza de Mayo tarehe 17 mwezi huo, na kabla siku haijaisha alikuwa amesimama kwenye roshani akiwahutubia. Magazeti ya wenye nacho yaliwadharau kwa kuwaita "wasio na mashati". Perón na mkewe Eva waliliokota tusi hilo wakalifanya cheo, jambo ambalo wapopulisti wengi wamelifanya tangu hapo. Alichaguliwa mwaka 1946. Sheria ya kuwapa wanawake kura ilipitishwa 1947. Mwaka huohuo majaji watatu wa Mahakama ya Juu waliondolewa kwa mashtaka ya bungeni. Katiba ya 1949 ikamruhusu rais kugombea tena. Na 1951 gazeti la La Prensa, lililokuwa mwiba kwake, likataifishwa. Kupanua kura na kubana mahakama vilikwenda sambamba, chini ya mkono mmoja na kwa jina la watu walewale. Hapo ndipo ugumu wa somo hili ulipo, kwa kuwa mambo hayo mawili hayapatikani yakiwa yametengwa katika vyumba viwili.

Wasomi walijaribu kuliweka sawa suala hili katika mkutano uliofanyika London School of Economics mwaka 1967. Kitabu kilichotoka humo mwaka 1969, kikihaririwa na Ghita Ionescu na Ernest Gellner, hakikufikia maana moja, na kwa hakika sifa yake kubwa ni ukweli wake juu ya kutoafikiana huko. Sura ya Afrika iliandikwa na John Saul, aliyekuwa akifundisha wakati huo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa hiyo Afrika Mashariki imo katika mjadala huu tangu kurasa zake za mwanzo, ingawa bibliografia nyingi za siku hizi huanza safari Ulaya na kuishia huko.

Maana zinazotumika leo ni nne, na mtafiti hulazimika kuchagua kabla ya kuanza kazi. Inayotumika zaidi ni ya Mholanzi Cas Mudde, aliyoitoa katika makala ya mwaka 2004: upopulisti ni itikadi nyembamba inayoigawa jamii katika watu safi na wakubwa waliooza, na kudai kwamba siasa iwe utekelezaji wa matakwa ya watu hao. Nyembamba, kwa maana kwamba haijitoshelezi. Huhitaji kuvaa itikadi nyingine, ndiyo sababu inapatikana kwa wajamaa wa Amerika ya Kusini na kwa wapinga wahamiaji wa Ulaya. Kurt Weyland, katika makala ya 2001, aliuona zaidi kama mbinu: kiongozi binafsi anayetafuta na kushika madaraka kwa kutegemea wafuasi wengi wasio na mpangilio wa chama imara. Ernesto Laclau, mzaliwa wa Argentina iliyomzaa Perón, aliandika mwaka 2005 kwamba "watu" hawapo wakisubiri kugunduliwa; huundwa pale madai mengi yasiyojibiwa, ya maji, ya kodi ya nyumba, ya kazi, yanapofungwa kamba moja. Jan-Werner Müller, katika kitabu chake cha 2016, alihamisha mkazo: kuwapinga wakubwa hakutoshi, kwani kila mpinzani huwapinga waliopo madarakani. Mpopulisti ni yule anayedai kwamba yeye peke yake anawawakilisha watu wa kweli, hivyo asiyemuunga mkono si sehemu ya watu.

Kati ya hizo, hoja ya Müller ndiyo inayougusa moja kwa moja uhusiano wa upopulisti na demokrasia, na mfano wake wenye nguvu unatoka Hungary. Viktor Orbán aliposhindwa uchaguzi wa 2002 alitoa tamko kwamba nchi yao haiwezi kuwa upinzani. Ulinganifu wa maneno unajitokeza vizuri kwa Kiswahili: wananchi na nchi vimefanywa kitu kimoja, na kitu hicho kimefanywa chama. Walioshinda uchaguzi huo, kwa mantiki hiyo, walikuwa nani?

Yaliyofuata Hungary yanasomwa sana kwa sababu yalifanywa kwa karatasi, bila kifaru barabarani. Aprili 2010 chama cha Orbán, Fidesz, na mshirika wake walipata asilimia 52.7 ya kura za orodha na viti 263 kati ya 386, yaani zaidi ya theluthi mbili. Theluthi mbili ilitosha kubadili katiba. Katiba mpya ilipitishwa Aprili 2011 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2012. Umri wa majaji kustaafu ulishushwa kutoka miaka 70 hadi 62. Kwa pigo moja nafasi za majaji wakongwe zikawa wazi kujazwa upya, na Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilipoikataa hatua hiyo Novemba 2012, wengi walikuwa wameshaondoka ofisini. Bunge lilipunguzwa kuwa la viti 199, majimbo yakachorwa upya, duru ya pili ya uchaguzi ikafutwa, na ukawekwa utaratibu unaompa mshindi wa jimbo faida ya kura zake za ziada. Uchaguzi wa 2014 uliyaonyesha matokeo: chama kilipata chini ya asilimia 45 ya kura za orodha, kikaondoka na viti 133 kati ya 199, theluthi mbili kwa kubahatisha kiti. Kila kifungu, kikitazamwa peke yake, kina kifani chake mahali fulani katika nchi ya kidemokrasia. Uwanja uliinama pale vifungu vilipokusanywa pamoja. Nancy Bermeo alieleza mwaka 2016 kwamba demokrasia za siku hizi hudhoofishwa zaidi na waliochaguliwa, hatua kwa hatua na kwa vifungu vya sheria, kuliko na askari wanaoteka redio usiku.

Poland inaonyesha kwamba njia hiyo si lazima ifike mwisho. Chama cha Sheria na Haki kilitawala kuanzia 2015 na kugombana na mahakama kwa miaka minane; Oktoba 2023, watu zaidi ya asilimia 74 walijitokeza kupiga kura, na chama hicho, ingawa kiliongoza kwa kura, kikakosa wingi wa kuunda serikali.

Tatizo linalofuata ni la vipimo, na hapa kazi ya mtafiti hufanana na ya mwalimu wa shule ya msingi. Kirk Hawkins, aliyemchunguza Hugo Chávez wa Venezuela, aliona kwamba kuhesabu maneno hakutoshi: hotuba inaweza kutaja "watu" mara hamsini na isiwe ya kipopulisti hata kidogo. Katika makala ya 2009 alitumia mbinu iliyoazimwa kutoka usahihishaji wa insha. Wasomaji waliofunzwa husoma hotuba nzima, kisha huipa alama kati ya 0 na 2 kwa ujumla wake, kama mwalimu anavyoipa insha alama bila kuhesabu nomino. Wasomaji wawili wakitofautiana sana, hukaa chini na kusoma tena. Ni kazi ya polepole na isiyo na fahari, na ndiyo inayofanywa zaidi na wanafunzi wa shahada ya uzamivu.

Dodoso ni njia nyingine. Mwaka 2014 Agnes Akkerman, Mudde na Andrej Zaslove walichapisha seti ya kauli walizowapa Waholanzi wakubali au wakatae, kwa mfano juu ya wanasiasa kufuata matakwa ya watu, au juu ya mtu wa kawaida kuwakilisha wenzake vizuri kuliko mwanasiasa wa kazi. Kauli hizo zimesafiri nchi nyingi. Zinapovuka kuingia Kiswahili, huanza kuyumba. "Watu" wa kauli za asili waitweje: watu, wananchi, raia, umma, au wanyonge? Mjibu maswali wa Kariakoo akiulizwa kuhusu raia atafikiria pasipoti na polisi. Akiulizwa kuhusu wananchi atafikiria kila mtu, waziri akiwemo akiwa na heshima zake. Akiulizwa kuhusu wanyonge, swali limekwisha kujijibu, kwa kuwa hakuna atakayesema wanyonge wasisikilizwe. Upande wa pili ni mgumu zaidi. Kamusi zinapoleta "wasomi" kwa wale wanaoitwa wakubwa wa jamii, huwaingiza kundini walimu wa sekondari wanaodai malimbikizo ya mishahara, na kumwacha nje mfanyabiashara wa darasa la saba mwenye majumba kumi. Vigogo, mabwanyenye, mafisadi, wenye nchi: kila neno lina uwanja wake, na kila moja lina hukumu ndani yake. Mtafiti anayelipeleka dodoso uwanjani bila kulijaribu kwanza kwa watu ishirini atarudi na majibu mengi yasiyojibu alichouliza.

Ugumu huo wa maneno umezaa mojawapo ya mijadala mizuri zaidi kuhusu siasa za Tanzania. John Magufuli aliingia madarakani mwaka 2015 kwa zaidi ya asilimia 58 ya kura, akajiita mtetezi wa wanyonge, akafuta sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba mwaka huo na kuagiza watu wafanye usafi, akatembelea ofisi bila taarifa, na kuwaondoa watendaji kwa msemo uliokaa midomoni mwa nchi nzima: kutumbua majipu. Waandishi wengi wa nje walimpa lebo ya mpopulisti bila kusita. Dan Paget, mtafiti wa siasa za mikutano ya hadhara nchini humo, alipinga lebo hiyo katika makala ya 2021. Upopulisti, kwa hoja yake, huchora ngazi mbili: watu chini, wakubwa juu. Hotuba za Magufuli zilichora ngazi tatu. Chini walikuwa wanyonge. Katikati walikuwa watumishi na matajiri waliooza. Juu kabisa alisimama kiongozi mwadilifu anayewachapa wa katikati kwa niaba ya wa chini. Katika mchoro huo watu hawajitawali. Hutawaliwa vizuri.

Sitiari yenyewe inamuunga mkono Paget. Jipu hutumbuliwa na mwenye mkono, na mgonjwa hukaa kimya akiuma meno. Ndiyo maana haikuwa ajabu kwamba katika miaka hiyohiyo ya kuwatetea wanyonge mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa, kuanzia 2016, hadi zuio lilipoondolewa Januari 2023 chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, na matangazo ya moja kwa moja ya Bunge yalikatwa. Mnyonge alihitaji kutetewa. Kusikiliza wabunge wakibishana saa nne asubuhi hakukuhesabiwa kuwa hitaji lake. Tofauti hii ya ngazi mbili na tatu inaweza kuonekana ndogo, ya kupasulia nywele. Lakini inabadili kile ambacho mtafiti atakitafuta: kwenye ngazi mbili ataangalia madai ya watu, kwenye ngazi tatu ataangalia sifa za kiongozi.

Zambia inaleta sura nyingine. Michael Sata alikuwa gavana wa Lusaka enzi za chama kimoja, kisha waziri chini ya Rais Frederick Chiluba. Mtu wa ndani kabisa. Alipopitwa kwenye urithi wa uongozi mwaka 2001 alianzisha Patriotic Front, akapata takriban asilimia 3 ya kura. Mwaka 2006 alifika asilimia 29, mwaka 2008 asilimia 38, na mwaka 2011 alishinda kwa 42. Katikati ya safari hiyo alijifunza kuzungumza na wachuuzi wa masoko, madereva wa teksi na wachimba migodi wa Copperbelt, akiahidi kodi ndogo, ajira na pesa zaidi mifukoni ndani ya siku 90, na kuwashambulia wawekezaji wa Kichina kwa namna walivyowatumikisha wafanyakazi. Kaulimbiu ya 2011, kwa Kibemba, ilikuwa "Donchi Kubeba": usiwaambie. Maana yake ilijulikana na kila abiria wa daladala za Lusaka. Pokea kanga na sukari ya chama tawala, itikia kwa kichwa, kisha kwenye kibanda cha kura fanya lako. Kwa maneno mawili ya Kibemba, hongo ya uchaguzi iligeuzwa kuwa gharama ya bure kwa aliyeitoa.

Danielle Resnick, aliyeandika juu ya umaskini wa mijini na siasa hizi katika kitabu cha 2014, alionyesha kwamba kura za mjini hazikutosha. Sata alizichanganya na kura za wazungumzaji wa Kibemba wa kaskazini. Nic Cheeseman na Miles Larmer, wakimlinganisha na kampeni za Raila Odinga nchini Kenya, waliuita mchanganyiko huo upopulisti wa kikabila. Jina hilo linaonekana kujipinga, kwa kuwa upopulisti hudai umma mmoja na ukabila huukata vipande. Lakini jukwaa la Kiafrika huruhusu yote mawili: mjini wakubwa ni matajiri, kijijini wakubwa ni watu wa kule.

Kenya ya 2022 ilijaribu kuuvuka ukabila kwa chombo cha mjenzi: wilbaro. Chama cha UDA kiliichukua kuwa alama, na William Ruto akachora mstari kati ya mahasla (wahangaikaji) na nasaba za kifalme, yaani familia za Kenyatta na Odinga. Mama mboga, mwendesha bodaboda na kijana wa kusukuma mkokoteni waliwekwa jukwaani kama wenye nchi wapya. Ruto alikuwa naibu wa rais tangu 2013, na ni mmoja wa matajiri wa nchi. Hilo halikumdhuru. Alishinda kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85 za Odinga, na Mahakama ya Juu ikathibitisha matokeo tarehe 5 Septemba 2022. Ramani ya kura, hata hivyo, ilionyesha kwamba wilbaro ilisukumwa zaidi Bonde la Ufa na Mlima Kenya, ngome za mgombea na za mgombea mwenza wake, kuliko pwani au Nyanza ambako mahasla nao ni wengi.

Kwa mtafiti mchanga, miaka miwili iliyofuata ilikuwa darasa. Mfuko wa Hasla ulizinduliwa Novemba 2022, ukitoa mikopo ya kuanzia shilingi 500 kupitia simu. Kisha zikaja kodi: kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16 mwaka 2023, na mishahara ikakatwa asilimia 1.5 kwa ajili ya nyumba. Vijana wakampa rais jina la Zakayo, yule mtoza ushuru wa Injili aliyepanda mkuyu. Ni jina lililotoka katika kitabu ambacho Ruto mwenyewe alikinukuu sana kwenye kampeni, na hapo ndipo ukali wake ulipo. Tarehe 25 Juni 2024 waandamanaji waliopinga muswada wa fedha waliingia bungeni Nairobi. Watu waliuawa kwa risasi. Kesho yake rais alitangaza kwamba hatatia saini muswada huo. Waandamanaji walisema hawana kiongozi, hawana kabila, hawana chama. Walichora mstari uleule wa wananchi na wenye nchi, safari hii Ikulu ikiwa upande wa pili.

Kwa maana ya Weyland, tukio hilo si upopulisti, kwa sababu hakuna kiongozi. Kwa maana ya Laclau ni upopulisti halisi: kodi ya mkate, bei ya mafuta, ajira na utekaji wa vijana vimefungwa kamba moja. Kwa maana ya Mudde jibu hutegemea kama waandamanaji walidai umma wote uko nao. Kwa maana ya Müller hutegemea swali la kinyume: je, walimwona aliyebaki nyumbani kuwa si Mkenya?

Kazi ya kujibu maswali hayo hufanyika katika mazingira yenye ratiba zisizolingana. Kibali cha utafiti hutolewa na NACOSTI kwa Kenya na COSTECH kwa Tanzania, na mwombaji husubiri. Shahada ya uzamivu huchukua miaka minne au mitano, sawa na muhula mmoja wa rais. Anayeanza tasnifu akimchunguza mpinzani anayewalaani wakubwa huenda akaimaliza mtu huyo akiwa na ving'ora vyake, na sura ya tatu isiyoandikwa upya inakuwa historia. Uwanjani, kipaza sauti cha jukwaa hurekodiwa kwa urahisi. Minong'ono ya wanaorudi nyumbani ndani ya matatu, ambapo hotuba huhukumiwa kwa kicheko au kwa mguno, haiingii kwenye rekoda bila ruhusa ya wenyewe. Majina huachwa nje ya daftari. Panapokuwa na kesi mahakamani, mtafiti hulazimika kufikiria daftari hilo likiangukia mikononi mwa nani.

Mwishowe hotuba huandikwa yote, na karatasi ya alama hujazwa. Safu ya kwanza huuliza wakubwa ni nani kwa mujibu wa msemaji. Ya pili huuliza anadai kuwasemea nani. Safu ya tatu huuliza ni nani kati ya walioko uwanjani, au walioko ng'ambo ya mto, ametolewa katika hesabu ya wananchi bila kutajwa jina. Safu hiyo ndiyo huwachukua wasahihishaji muda mrefu zaidi, na ndiyo wanayogombana juu yake.